Siku nane Tromsø, Norway: mji wenye jua la saa sita usiku (uzi mrefu)

Mtu wa Deep Sea (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu. Nimerudi juzi kutoka Tromsø, kaskazini ya mbali kabisa ya Norway. Nilikwenda kumtembelea mpwa wangu anayesomea mambo ya uvuvi kwenye chuo kikuu cha huko. Mimi ni mtu wa samaki, soko la Deep Sea, Tanga, mwaka wa kumi na sita huu.

Naandika kwa sababu kabla ya safari kila nilichosoma kwa Kiswahili kuhusu mji ule kilikuwa baridi, theluji na zile taa za kijani za angani. Taa zile ni za msimu wa giza. Ukienda kiangazi huzioni, maana usiku wenyewe haupo. Kiangazi kina mambo yake, na naona hayajasimuliwa vya kutosha.

Kwanza mjue mji uko wapi. Uko nyuzi 69 na nusu na ushei kaskazini ya ikweta, kilomita kama 350 ndani ya mstari wa Aktiki. Kutoka Oslo ni karibu saa mbili kwa ndege. Treni haifiki: reli ya Norway inaishia Bodø, na ile inayotokea Sweden inaishia Narvik. Katikati ya mji ni kisiwa, Tromsøya, na pande zote mbili kuna milima ambayo mwezi wa sita bado ina mabaka ya theluji. Kuanzia kama tarehe 20 Mei hadi tarehe 22 Julai jua halizami kabisa.

Sasa fikirini. Sisi saa zetu tunazihesabu kwa jua. Likichomoza tunaanza kuhesabu, likizama tunaanza upya, na Tanga mwaka mzima tofauti ni dakika chache. Nimekua nikijua saa na jua ni kitu kimoja. Usiku wa kwanza nikaamka, nikachungulia dirishani, nikaona saa kumi jioni ya nyumbani kabisa: vivuli virefu, nyumba za mbao zimepata rangi ya asali, mzee mmoja kapanda ngazi anapaka rangi ukuta wa nyumba yake. Nikatazama simu. Saa saba na robo usiku.

Chumba nilichopanga siku mbili za mwanzo kiliandikwa kina mapazia mazito. Nilikuta kitambaa cheupe chembamba kama chandarua. Nimelala na kikoi usoni na bado nuru inapenya. Siku ya pili mpwa wangu akaja na karatasi ya foili ya jikoni na utepe, akaziba vioo vyote, akaniambia, "Mjomba, huku hata wenyeji hufanya hivi." Ndipo nikapata usingizi. Anayekwenda Juni, hiyo foili aiweke kwenye begi kabla ya koti.

Naendelea baada ya kufunga hesabu za leo. Ulizeni.

mwalimu wa Korogwe

Nimekaa mkao wa kusoma, mkuu. Swali langu ni hili, maana wanafunzi huniuliza na mimi nawajibu kwa kitabu tu: jua lisipozama linakuwa wapi? Linaganda pale pale utosini?

Mtu wa Deep Sea

Mwalimu, hilo nililitazama kwa macho yangu siku nane, maana kazi yetu ya bahari inatufundisha kutazama juu. Haligandi, na utosini halifiki kamwe. Linazunguka. Asubuhi liko mashariki, mchana kusini, jioni magharibi, na usiku wa manane liko kaskazini, chini chini, juu kidogo ya milima. Kutwa kucha linakuzunguka kama mtu anayezunguka uwanja wa mpira.

Hata mchana halipandi sana. Mchana kweupe, jua likiwa juu kuliko wakati wote, kivuli changu kilikuwa kirefu kunizidi kidogo. Kwetu saa sita na nusu mchana unakanyaga kivuli chako. Ndiyo maana jua linawaka saa ishirini na nne na bado unavaa sweta. Siku nyingi joto lilikuwa nyuzi kumi au kumi na mbili, siku moja likapanda mpaka watu wakavua mashati bustanini.

Tena kuna jambo la saa zao. Kwa vile wanasogeza saa mbele kiangazi, jua linafika chini kabisa kama saa saba kasorobo usiku, wala si saa sita kamili. Anayepanda mlimani kwenda kuliona, aende na hesabu hiyo.

Mkaazi wa Malindi, Unguja

Assalaam alaykum ndugu yangu wa Tanga. Mimi lililonikaa moyoni ni sala. Magharibi ni jua kuzama, isha ni giza kuingia, alfajiri ni nuru kupasua. Sasa pahala pasipo na lolote kati ya hayo, wenzetu wanafanyaje?

Mtu wa Deep Sea

Wa alaykum salaam warahmatullah. Shekhe wangu, hili ndilo lililonishughulisha kuliko yote, nashukuru umeuliza.

Waislamu wapo, na msikiti upo, unaitwa Alnor. Wengi niliokutana nao ni Wasomali, na wanafunzi wa kila nchi. Mpwa wangu na wenzake kwa miezi ya jua lisilozama, na ile ya jua lisilochomoza, wanafuata nyakati za Makka. Magharibi ikiingia Makka, na wao wanasali magharibi, jua liko dirishani linawaka. Wanazuoni wana kauli zaidi ya moja katika hili, na wewe unajua kuliko mimi.

Lakini nikusimulie kibla. Sisi watu wa pwani ukisema "upande wa kibla" mtu anajua ni kaskazini. Mvuvi wa Tanga anasema upepo wa kibla na hakuna anayemuuliza. Makka iko juu yetu, tumenyooka nayo. Nilipofika chumbani kwa mpwa wangu, nikatandika mswala kuelekea kaskazini bila kufikiri. Mtoto akanishika bega taratibu, akanigeuza. Kule kibla ni kusini, kinavutia kidogo mashariki. Nikasimama nimelipa jua kisogo, usiku wa manane, kivuli changu kimelala mbele yangu juu ya mswala kinaelekea Makka. Miaka hamsini na mbili nimesali kuelekea kaskazini. Siku ile nilikuwa nimeifika hiyo kaskazini, na nyumbani na Makka vyote viko upande mmoja mbele yangu. Nilisali rakaa zile polepole sana.

Mkaazi wa Malindi, Unguja

Subhanallah. Umenitoa machozi, wallahi.

wa Umoja Nairobi

Wakuu, niko Nairobi hapa, nafuatilia. Nimeskia Norway bei ya vitu ni moto. Mtu wa kawaida atatoboa kweli?

Mtu wa Deep Sea

Ndugu, bei ni kali, sitakudanganya. Kula hotelini kila siku kutakumaliza. Ila mambo mazuri ya mji ule kiangazi mengi ni ya bure, na yaliyobaki unachagua moja au mawili.

Maji ya bomba unakunywa, usinunue chupa. Chakula nunua dukani, na kumbuka Jumapili maduka mengi yanafungwa. Mimi Jumapili ya kwanza nimeshinda na mkate na tende. Pesa taslimu karibu hazitumiki, kadi kila mahali, mpaka kwenye basi.

Bustani ya mimea ya chuo kikuu ni bure na haina lango. Imefunguliwa mwaka 1994 na ndiyo ya kaskazini zaidi duniani. Kuna maua ya milima ya Himalaya, ya buluu kabisa, petali kama karatasi ya shashi. Nilidhani nitakaa nusu saa, nikakaa asubuhi nzima. Juu ya kisiwa kuna ziwa, Prestvannet, unalizunguka kwa miguu huku ndege wanalea makinda. Kusini ya kisiwa kuna ufukwe, Telegrafbukta, wenyeji wanachoma nyama na samaki hadi usiku mkubwa, watoto wanaingia kwenye maji ambayo mimi nimetia kidole tu nikatoa.

Kwa kulipia, mimi nilichagua jumba la makumbusho la safari za ncha ya dunia, Polarmuseet, kwenye ghala la zamani la forodha pale bandarini. Kuna habari za Roald Amundsen, aliyefika ncha ya kusini mwaka 1911. Tarehe 18 Juni 1928 aliruka na ndege kutoka Tromsø kwenda kumtafuta Muitalia Nobile, aliyeanguka na chombo chake cha angani kwenye barafu. Nobile aliokolewa. Amundsen hakurudi, kilichopatikana ni kielea cha ndege yake baharini. Nimezika jamaa ambao bahari haikuwarudisha, kwa hiyo pale nilisimama. Sanamu yake iko mjini, inatazama majini.

Lile kanisa jeupe la pembe tatu mnaloliona kwenye picha zote, Ishavskatedralen, liko ng'ambo ya daraja, la mwaka 1965, mchoraji wake Jan Inge Hovig. Wengi hulidhani ndilo kanisa kuu la mji. Kanisa kuu lenyewe ni la mbao, la mwaka 1861, liko katikati ya mji na wageni wengi wanalipita bila kugeuka. Mimi lilinipendeza lile la mbao.

Kipepeo wa Mwanza

Mkuu, kuna picha nimeiona ya majani makubwa kama migomba pembeni ya barabara huko Tromsø, wanaita mnazi. Ni kweli kuna minazi?

Mtu wa Deep Sea

Dada, umenikumbusha jambo la hatari. Wanauita Tromsøpalmen, mnazi wa Tromsø, lakini hauna undugu na mnazi. Ni mmea wa jamii ya karoti ulioletwa karne ya kumi na tisa kupamba bustani, sasa umeenea kila kona. Shina nene lenye mifereji, limejaa vinyweleo, juu maua meupe kama mwavuli uliofunguliwa, mrefu kunizidi. Mtu wa pwani akisikia mnazi lazima aende kuugusa. Nilinyoosha mkono, mpwa wangu akanivuta kwa nguvu mpaka nikakasirika. Utomvu wake ukikugusa ngozini kisha ukapigwa na jua, unaungua na kutoka malengelenge. Na kule jua halikupi nafasi ya kujificha. Mwenye watoto awaangalie.

Mbu wapo pia, wengi tu karibu na maji, ila hawana malaria.

mwalimu wa Korogwe

Uligusia kupanda mlimani. Tunasubiri.

Mtu wa Deep Sea

Haya, tukae.

Ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, kuna mlima mdogo unaitwa Storsteinen, mita 421. Kuna gari la kamba, Fjellheisen, tangu mwaka 1961, unalipa unapanda kwa dakika chache. Na kuna ngazi za mawe, zaidi ya 1,200, zilizojengwa na mafundi Washerpa kutoka Nepal. Tukaamua ngazi.

Tulitoka mjini saa nne usiku, tukavuka daraja kwa miguu. Daraja lile ni la mwaka 1960, lina zaidi ya kilomita moja, na limeinuliwa katikati ili meli zipite. Juu pale upepo unakata masikio. Kisha mitaa ya Tromsdalen, watu wanafyeka nyasi saa tano usiku, halafu msitu wa miti myembamba yenye magome meupe, halafu mawe.

Sikuwa peke yangu kuhema. Tulipita kina mama na watoto wamebebwa mgongoni, mbwa, wazee wa miaka sabini na fimbo mbili mbili. Tulipofika kama nusu tukageuka. Meli ya Hurtigruten, zile zinazopita pwani ya Norway tangu mwaka 1893, ilikuwa inatoka kaskazini, ikapita chini ya daraja taratibu kwenda kutia nanga mjini. Kutoka pale ilionekana kama dau la kuchezea watoto. Taa zake zilikuwa hazijawashwa, za nini.

Tulifika juu saa saba kasoro dakika ishirini hivi. Kuna mabaka ya theluji, upepo umetulia. Watu wapo kama sitini, wamekaa juu ya mawe wote wametazama kaskazini. Nikanyoosha mkono nikapima kama tunavyopima baharini: jua lilikuwa vidole viwili juu ya milima. Nikangoja nilione likizama, mwili wote ulikuwa unangoja hivyo, maana jua likifika pale kwetu limebakiza robo saa. Halikuzama. Lilitembea pembeni, pembeni, juu ya vilele, kama jahazi linalotambaa ukingoni mwa mwamba likitafuta upepo. Baadaye nikapima tena. Vidole viwili na nusu. Limeanza kupanda. Jana imekuwa leo na hapakuwa na usiku katikati.

Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyesema neno. Bibi mmoja aliyekaa karibu nasi alifungua chupa ya kahawa, akajimiminia, akatutazama, kisha akatoa kikombe cha pili mfukoni mwa begi akatupa sisi. Hatukuwa na lugha moja. Tukanywa kwa zamu, mimi na mpwa wangu.

wa Umoja Nairobi

Boss, hapo nimefika bila nauli.

Mama Zawadi wa Uvira

Jambo wote. Mimi ni wa Uvira, nililelewa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, sasa tuko Tromsø mwaka wa nane na watoto. Nimefurahi kabisa kusoma habari za mji wetu kwa Kiswahili. Baba ameona jua, ni vizuri. Lakini arudi mwezi wa kumi na mbili aone upande wa pili. Kuanzia mwisho wa mwezi wa kumi na moja hadi katikati ya mwezi wa kwanza jua halitoki hata kidogo. Mchana kunakuwa na mwanga wa buluu saa chache, basi. Tunakunywa mafuta ya ini la samaki kila asubuhi, watoto wanakunja uso lakini wanakunywa. Tarehe 21 mwezi wa kwanza ni siku ya jua, watu wanakula maandazi ya jua, solboller, yana jamu ndani, shule zote, kazini kote. Ukiyala hayo maandazi ndiyo utaelewa kwa nini hapa mtu anapaka rangi nyumba usiku wa mwezi wa sita. Halali, hataki kulipoteza hilo jua.

Mtu wa Deep Sea

Mama, asante mno. Nilikutana na wenzako wawili kwenye basi, wanazungumza Kiswahili cha Kivu, nikageuka kama nimeitwa jina langu. Walishuka kabla sijajua niwaambie nini zaidi ya "shikamooni". Hilo la maandazi ya jua mpwa wangu hakuniambia.

Kipepeo wa Mwanza

Na samaki je? Mtu wa samaki unakwenda nchi ya samaki hujatuambia samaki!

Mtu wa Deep Sea

Nilikuwa nawaweka mwisho.

Bandarini, katikati ya mji, boti za kamba zinafunga gati na kuuza moja kwa moja. Kamba wao ni wadogo kuliko wetu, wa maji ya baridi, na wanachemshwa humo humo botini kwa maji ya bahari. Unanunua mfuko, unakaa ukingoni mwa gati, unavunja kichwa, unaminya gamba, unaweka juu ya mkate na limau. Mimi kamba namjua kwa kichwa: kikilegea, huyo amelala. Nilikagua mfuko mzima, mmoja mmoja, sikupata hata mmoja wa kutupa. Mkia wote umejikunja kwa ndani, nyama tamu, ina chumvi yake yenyewe. Shakwe wakubwa wanakuvizia, shika mkate vizuri.

Kisha chewa wao mkavu, tørrfisk. Mpwa alinipeleka kuona vichanja vya miti vya kukaushia. Vilikuwa vitupu, kwa sababu samaki hutundikwa kama Februari na kushushwa kama Mei, lakini harufu imebaki kwenye miti. Wanawafunga wawili wawili kwa mikia na kuwaning'iniza nje. Bila chumvi, wakuu. Bila punje ya chumvi. Baridi inazuia nzi na kuoza, upepo unakausha. Alinipa kipande, nikakigonga mezani kikalia kama kuni. Sisi ng'onda bila chumvi, siku ya pili unamtupa. Vichwa havitupwi, vinasafirishwa mpaka Nigeria kwa ajili ya supu. Nilimuuliza mpwa wangu maswali mpaka akachoka. Amesema akimaliza masomo anataka kurudi kushughulika na upotevu wa samaki baada ya kuvuliwa, na mimi nimemwambia meza yangu Deep Sea iko wazi kwa majaribio yake.

wa Umoja Nairobi

Viza ilikuwaje?

Mtu wa Deep Sea

Ni viza ya Schengen. Norway haimo kwenye Umoja wa Ulaya lakini imo kwenye Schengen, na haizidi siku 90 ndani ya siku 180. Mimi nilipeleka barua ya mwaliko ya mpwa, taarifa za benki, leseni ya biashara, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Omba mapema, kiangazi foleni ni ndefu.

Mwalimu wa Korogwe aliniandikia pembeni kuuliza nilijisikiaje kurudi. Nilifika Tanga Jumanne mchana. Jioni nikapanda juu ya paa kwangu, naona bahari mpaka kisiwa cha Toten. Nikampigia mpwa simu ya video kumjulisha nimefika. Tukazungumza mawili matatu, adhana ya magharibi ikaanza. Akanyamaza. Nyuma yake kwenye dirisha naona jua limejaa chumba kizima. Akasema, "Mjomba, geuza simu kule baharini, nione giza linavyoingia."

Nikaigeuza. Hakusema kitu, na mimi sikusema kitu, mpaka wavuvi wa dagaa walipoanza kuwasha taa zao.